Blogerati ni akina nani, na nguvu yao ilitoka wapi?

Katika ulimwengu wa blogu kuna kundi dogo la waandishi ambao wakigusa jambo asubuhi, kufika jioni mamia ya wenzao wameshaliandikia. Kwa lugha ya mtaani ya mtandaoni wanaitwa blogerati. Neno hili lilianza kusikika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ila mkia wake, -erati, ni wa zamani. Kwa Kilatini watu wa elimu na maandiko waliitwa litterati; Kiingereza kikauchukua mkia huo na kuwapachika watu maarufu wa tafrija, kisha katika miaka ya 1990 magwiji wa kompyuta, na blogu zilipoenea ikawa zamu yao. Wengine waliwaita tu watu wa orodha A.

Wengi wakilisikia neno hilo hudhani ni jina la mabloga wanaosomwa na watu wengi. Si hivyo hasa, na hapo ndipo mjadala mzima wa ushawishi wa mtandaoni unapoanza kuvurugika. Blogu inaweza kutembelewa na umati mkubwa na bado isibadilishe chochote nje ya kurasa zake. Nyingine ina wasomaji wachache, lakini miongoni mwao wamo wahariri, wanasiasa na mabloga wenzake, na kinachoandikwa humo Jumatatu kinakuwa habari ya magazeti ifikapo Alhamisi. Blogerati ni wa aina hii ya pili. Idadi ya wasomaji walikuwa nayo, lakini ilikuja nyuma ya jambo jingine: nani anakusoma, na nani anawaelekeza watu kwako.

Jambo hilo jingine ni linki, yaani kiungo ambacho msomaji akikibofya kinampeleka kwenye ukurasa mwingine. Desemba 1997 Mmarekani Jorn Barger aliipa tovuti yake jina la weblog, yaani kumbukumbu ya kurasa alizokutana nazo mtandaoni, moja baada ya nyingine, kila moja na maneno machache. Blogu nyingi za mwanzo zilikuwa hivyo hivyo. Mwenye blogu hakuandika makala ndefu. Alisoma, akachagua, akaelekeza. Maana yake bloga alikuwa mwelekezaji kabla hajawa mwandishi, na heshima aliipata kwa kutowapotezea watu muda.

Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Pyra Labs ya San Francisco ilitoa huduma ya Blogger, na tangu hapo mtu asiyejua kuandika msimbo wowote aliweza kufungua blogu kwa dakika chache. Mwaka uliofuata ikaja anwani ya kudumu. Kabla yake ungeweza kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa mbele tu wa blogu ya mwenzako, na baada ya siku mbili andiko ulilolisifia limeshasukumwa chini na mapya. Sasa kila andiko likawa na anwani yake lenyewe. Bloga akaweza kumjibu mwenzake kwa kuonyesha maneno yale yale anayoyajibu, na mwenzake akarudisha jibu kwa njia hiyo hiyo. Pembeni mwa ukurasa kukawa na blogroli, orodha ya blogu ambazo mwenye ukurasa anazisoma na anataka wengine wazisome. Mwaka 2002 programu ya Movable Type ikaongeza trakibaki: nikiandika kuhusu andiko lako, blogu yako inapata taarifa yenyewe, na linki ya jibu langu inajitokeza chini ya maneno yako.

Mambo haya hupitwa haraka kana kwamba ni ufundi tu. Mimi nayaona kuwa ndiyo moyo wa habari yenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyofanya ushawishi uonekane kwa macho. Ungeweza kufungua blogu yoyote, ukaangalia nani kamtaja nani, ukafuata njia hadi ulipoanzia mjadala.

Februari 2003 mwandishi Clay Shirky alichukua blogu 433 na kuangalia linki zilizoingia katika kila moja. Mbili za juu peke yake zilikuwa na asilimia 5 ya linki zote. Kumi na mbili za juu, ambazo hazifiki asilimia 3 ya orodha, zilibeba asilimia 20. Hamsini za juu zilibeba nusu. Nyingine zote, zaidi ya 380, ziligawana nusu iliyobaki.

Matokeo hayo yaliwaumiza watu, kwa kuwa blogu zilikuja na ahadi kwamba sasa kila mtu atasikika. Wapo waliodai kuwa wakubwa wanabebana wao kwa wao. Shirky alijibu kwamba hali hiyo haihitaji njama yoyote. Mfikirie bloga mpya anayetengeneza blogroli yake. Hawezi kusoma blogu zote zilizopo duniani. Ataweka anazozijua, na anazozijua ni zile ambazo wengine walimwelekeza, kama mgeni wa mji anayeingia kula pale anapoona watu wengi wamekaa. Kwa hiyo nafasi ya blogu kupata linki mpya inategemea linki ilizokwisha kupata. Mwenye nacho huongezewa. Wanafizikia Albert-László Barabási na Réka Albert walikuwa wameshaonyesha mwaka 1999 kwamba mtandao wowote unaokua hivi, kila anayeingia akijiunga zaidi na walio na viungo vingi, huishia kuwa na vituo vichache vikubwa mno na vingine vingi visivyojulikana.

Hapa pana jambo gumu kulikubali. Tofauti ile kubwa ilizaliwa na uhuru wenyewe wa kuchagua. Kadiri blogu zilivyozidi kuwa nyingi, ndivyo za juu zilivyozidi kuziacha nyingine mbali. Wasemao chema chajiuza wana sehemu ya ukweli, maana blogu mbovu haikukaa juu kwa muda mrefu. Lakini blogu mbili zenye ubora ule ule, moja iliyoanza mwaka 2000 na nyingine mwaka 2004, hazikuvuna sawa. Aliyetangulia alikuta uwanja mtupu.

Kisha vikaja vipimo. Mwishoni mwa mwaka 2002 David Sifry alianzisha Technorati, mtambo wa kutafuta ndani ya blogu. Kila blogu ilipewa kipimo kilichoitwa mamlaka: idadi ya blogu tofauti zilizoielekezea linki katika miezi sita iliyopita. Ikawepo na orodha ya blogu 100 za juu. Orodha kama hiyo haibaki kuwa kioo tu. Mwandishi wa gazeti akitaka bloga wa kumhoji aliifungua. Mtangazaji wa bidhaa vivyo hivyo. Bloga mchanga alijaribu kutajwa na waliomo. Kuwamo kukawa sababu ya kuendelea kuwamo.

Google nayo iliongeza uzito. Mfumo wake wa kupanga matokeo, uliobuniwa na Larry Page na Sergey Brin walipokuwa Stanford, uliihesabu linki kuwa kura, na kura ya ukurasa wenye kura nyingi ilikuwa nzito zaidi. Mabloga walikuwa wakigawa linki kila siku, wengine mara ishirini kwa siku, kwa hiyo sauti yao katika matokeo ya utafutaji ilikuwa kubwa kuliko idadi yao. Mwaka 2003 mabloga walikubaliana kuyaunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kushindwa kubaya" na wasifu rasmi wa Rais George W. Bush. Haukupita muda mrefu, anayeyatafuta maneno hayo kwenye Google alipata wasifu huo mahali pa kwanza, ingawa ukurasa wenyewe haukuwa na maneno hayo popote. Google iliurekebisha mfumo wake kuzuia michezo hiyo Januari 2007. Watumaji wa matangazo taka walikuwa wameshaielewa siri hiyo na walijaza linki zao kwenye sehemu za maoni za blogu kubwa, hadi Januari 2005 kampuni za utafutaji zikakubaliana kuhusu alama inayosema: linki hii msiihesabu.

Mfano mzuri wa nguvu hii ikifanya kazi ni kisa cha Trent Lott, na inafaa kukiangalia hatua kwa hatua.

Tarehe 5 Desemba 2002 Seneta Strom Thurmond alifanyiwa sherehe ya kutimiza miaka 100. Mwaka 1948 Thurmond aligombea urais wa Marekani kwa sera ya kuwatenganisha Weusi na Weupe. Katika sherehe hiyo Trent Lott, kiongozi wa maseneta wa chama cha Republican, alisema jimbo lake la Mississippi lilimpigia Thurmond kura na linajivunia hilo, na kwamba nchi nzima ingefuata mfano huo isingepata matatizo yote yaliyotokea miaka yote hii. Waandishi wa habari walikuwapo ukumbini. Kesho yake karibu magazeti yote makubwa yalinyamaza.

Josh Marshall, aliyekuwa na blogu ya Talking Points Memo, hakunyamaza. Aliyaandika maneno hayo, akayarudia siku iliyofuata, akaeleza kampeni ya 1948 ilisimamia nini hasa. Duncan Black, aliyeandika kwa jina la Atrios, naye akashikilia hapo hapo. Kilichobadilisha hali ni kwamba Glenn Reynolds wa Instapundit na Andrew Sullivan, ambao hawakuwa wa kambi ya Marshall kisiasa, nao walilaani. Sasa haikuwa tena kelele za wapinzani wa Lott. Magazeti yakairudia habari ambayo yalishaipita. Tarehe 12 Desemba Rais Bush aliyakemea maneno hayo hadharani, na tarehe 20 Lott akatangaza kuachia uongozi.

Wapo wanaosema blogu zilimwangusha Lott. Hiyo ni kutia chumvi. Kituo cha ABC kilikuwa kimeigusa habari hiyo mapema, na kauli ya rais ilikuwa na uzito ambao hakuna bloga aliyekuwa nao. Blogu zilifanya kazi nyingine: habari ambayo kwa kawaida ingekufa ndani ya siku moja zilizuia isife, kwa siku zilezile chache ambazo wahariri walihitaji kujiuliza kwa nini wameiacha.

Henry Farrell na Daniel Drezner, wasomi wa siasa ambao wenyewe walikuwa mabloga, walilitolea jambo hili maelezo mwaka 2004, na sijaona yanayoyashinda. Waliuliza inawezekanaje blogu, ambazo wakati huo zilisomwa na Wamarekani wachache tu, ziwe na nguvu juu ya siasa. Jibu lao ni kwamba miongoni mwa hao wachache walikuwamo waandishi wa habari wenyewe. Mwandishi wa gazeti hana muda wa kufungua blogu elfu. Lakini kwa kuwa linki zimejikusanya kwa wachache, hahitaji kufanya hivyo. Bloga mdogo akigundua jambo zito, anamwandikia mkubwa; mkubwa akilipenda analiweka kwake na linki; mwandishi wa gazeti, anayesoma wakubwa watano au sita tu kila asubuhi, analikuta. Usawa kamili ungeua njia hiyo, maana hakuna ambaye angejua pa kutazama.

Kwa hiyo blogerati walikuwa mlango. Bloga asiyejulikana alipata kusikika kupitia kwao, na ukubwa wao ulijengwa na linki za wasiojulikana kama yeye. Wengi wanaoandika juu ya jambo hili huchagua upande mmoja, ama kwamba blogu zilileta demokrasia au kwamba zilizaa matajiri wapya. Kwangu pande hizo mbili haziwezi kutenganishwa.

Miaka miwili baadaye njia ile ile ilifanya kazi kwa kasi zaidi. Tarehe 8 Septemba 2004 televisheni ya CBS ya Marekani ilitangaza nyaraka zilizodaiwa kuchapwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu utumishi wa Bush jeshini. Usiku huo huo mchangiaji mmoja wa mtandaoni alihoji herufi zake, kwamba upana wake ulitofautiana kwa namna ambayo mashine za kuchapa za wakati ule kwa kawaida hazikuweza. Blogu ya Power Line ikaibeba hoja hiyo asubuhi. Charles Johnson wa Little Green Footballs akaichapa upya moja ya nyaraka hizo katika Microsoft Word bila kubadilisha mpangilio wowote wa programu, akaziweka mbili hizo pamoja ili kila mtu aone zilivyolingana. Aliyekuwa bosi wa CBS alisema wanaolalamika ni watu waliokaa sebuleni na pajama. Tarehe 20 Septemba CBS ilikiri kwamba haiwezi kuthibitisha uhalali wa nyaraka hizo, na Machi 2005 Dan Rather, mtangazaji aliyeitoa habari hiyo, aliachia kiti chake cha kusoma habari.

Nguvu hii haikuwa ya Wamarekani peke yao. Mwaka 2003, kabla na wakati wa vita, kijana wa Baghdad aliyejiita Salam Pax aliandika maisha ya mji wake kwa Kiingereza, na linki za mabloga wakubwa zikamfikisha kwenye magazeti ya dunia. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzaa machafuko na serikali kupiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, Ory Okolloh alitumia blogu yake ya Kenyan Pundit kukusanya taarifa kutoka kwa watu. Mapema Januari 2008 aliandika humo kwamba ingefaa wapatikane wataalamu watengeneze ramani ya matukio. Ndani ya siku chache yeye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliianzisha Ushahidi, tovuti ya ramani hiyo, ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingine nyingi. Wazo kama hilo lingeandikwa katika blogu isiyosomwa na mafundi wa programu, lingebaki wazo.

Swali la haki bado lipo na silipuuzi. Msomi wa siasa Matthew Hindman aliwachunguza mabloga wakubwa wa siasa wa Marekani wa katikati ya muongo ule, akakuta wengi walisoma vyuo vya hadhi ya juu, na kwamba wanawake na watu wa jamii za wachache walikuwa haba sana. Waangalie wale wa kisa cha Lott. Reynolds alikuwa profesa wa sheria. Marshall alikuwa na udaktari wa historia. Sullivan alishakuwa mhariri wa jarida kubwa la siasa. Zana zilikuwa bure kwa kila mtu, lakini muda wa kuandika mara kumi kwa siku, lugha ya kuwashawishi wahariri na marafiki wa kukutaja mapema havikugawiwa kwa wote.

Pesa nazo zilipofika hazikufuata waliotoa kazi. The Huffington Post ilianza Mei 2005, ikijaa maandiko ya mabloga wengi wasiolipwa, na Februari 2011 AOL ilikubali kuinunua kwa dola milioni 315. Baadhi ya mabloga hao walikwenda mahakamani kudai sehemu yao. Mwaka 2012 jaji akaitupa kesi, kwa kuwa waliandika wakijua hawatalipwa. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilikuwa imeeleza katika miongozo yake kwamba bloga anayepewa fedha au bidhaa ili aisifu lazima aseme. Miongozo hiyo ilionyesha wazi kwamba nguvu ya kuelekeza watu ilishakuwa kitu cha kuuzwa.

Hapo ndipo blogerati wanapopakana na wale ambao leo tunawaita mainfluensa, na hapo ndipo pa kuwatofautisha. Influensa hupimwa kwa wafuasi, na anayeamua wafuasi wapya wataoneshwa nani ni algoritimu ya kampuni, ambayo haimwambii mtu yeyote inavyopima. Bloga wa orodha A aliwekwa juu na mabloga wenzake, waliomtaja kwa jina na kuacha linki pale pale ili msomaji akahakikishe. Hukumu yao ingeweza kuwa ya upendeleo, na mara nyingi ilikuwa, lakini uliiona. Ungeweza kuipinga kwa kuandika jibu, na trakibaki ingelipeleka chini ya andiko lenyewe. Naliona hili kuwa ndilo tulilopoteza, zaidi hata ya blogu zenyewe.

Kupotea kwake kulikwenda polepole. Mijadala ilihamia Twitter na Facebook, ambako kumtaja mtu hakujengi njia ya kudumu kwenda kwake. Julai 2013 Google ilifunga Google Reader, chombo ambacho wasomaji wengi sugu wa blogu walikitumia kukusanya maandiko mapya mahali pamoja. Mwaka 2014 Technorati iliacha kupanga blogu. Andrew Sullivan aliacha kublogu mwanzoni mwa 2015.

Mwaka 2020 alirudi, safari hii kwa jarida la barua pepe kwenye Substack, huduma iliyoanzishwa mwaka 2017, ambako wasomaji humlipa mwandishi moja kwa moja. Baadhi ya wenzake wa kizazi hicho nao walifanya vivyo hivyo. Aprili 2022 Substack iliongeza sehemu inayomwezesha mwandishi kupendekeza majarida ya wenzake: msomaji akijiandikisha kwa mmoja, anaoneshwa orodha ya wengine ambao mwandishi huyo amewachagua mwenyewe. Kanuni aliyoieleza Shirky inafanya kazi humo vile vile, na wanaopendekezwa na wengi wanazidi kupendekezwa. Lakini mapendekezo hayo yana majina, na msomaji anaweza kuona nani kamwelekeza kwa nani.